Kizibamacho cha Chaska

Kule Pacchayoq, mzigo ukilala upande juu ya mgongo wa nyumbu, watu hawasemi umelala upande. Wanasema, "Huu haukufungwa na Fausta."

Fausta Auccapuri ni mwanamke mfupi wa mabega mapana, na kofia yake ya kahawia haitoki kichwani mpaka padri aikoholee. Tangu usichana wake kazi yake imekuwa kuswaga nyumbu wa mizigo kutoka kijijini mpaka Wayrapata, magofu ya Wainka yaliyokaa juu ya mgongo wa mlima, mahali ambapo mto Apurímac unasikika chini kabisa lakini hauonekani. Wageni hutembea mbele na vifimbo vyao. Mahema, masufuria na viazi hufuata nyuma na Fausta.

Hakuichagua kazi hiyo. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, na siku alipoanguka akavunjika nyonga, nyumbu walibaki zizini wakila tu. Fausta akawatoa. Waswaga wengine walikuwa wanaume watupu, na wala hawakumkataza. Walifanya tu kama hawamwoni. Jioni wao walizunguka moto wao, naye akawasha wake pembeni, mdogo wa kupashia supu ya mtu mmoja. Mambo yakaenda hivyo mpaka msimu mmoja wa mvua njia ilipomomoka. Nyumbu wao wakazama kwenye tope mpaka matumboni. Wa Fausta wakapita, kwa sababu alikuwa ameishusha mizigo yote mapema, akaigawa upya, akaivusha nusu nusu. Kisha akarudi na kamba zake kuwasaidia wale wanaume, bila kusema neno, bila hata kutabasamu, jambo ambalo mimi nisingeweza. Jioni ile mmoja wao alisimama, akaziokota kuni zake Fausta zilizokuwa zinawaka, akazitia kwenye moto wao. Toka hapo hajawahi kuwasha moto wa peke yake.

Ukitaka kumwona anavyofanya kazi, nenda alfajiri mizigo inapofungwa. Anaukamata mzigo kwa mikono miwili, anauinua kidogo, anafumba jicho moja kama anayeonja mchuzi. Halafu anainama, anaokota jiwe la ukubwa wa ngumi, analitia upande ulio mwepesi. Basi. Mzigo huo utafika Wayrapata ukiwa umekaa vilevile.

Mumewe, Melitón Huillca, ndiye aliyewalea hao nyumbu. Mnyama mchanga akija nyumbani kwao akiwa mkali, anapiga mateke mpaka ndoo, Melitón anaingia zizini na kiti chake, anakaa, anafuma. Anafuma kofia za sufi zenye masikio, na huku anazungumza na mnyama kwa sauti ya chini kana kwamba wanasengenya mtu. Baada ya kofia mbili tatu nyumbu anakuja mwenyewe kunusa ile sufi. Chaska, nyumbu jike wa kijivu mwenye alama nyeupe usoni, alimgharimu kofia tano, na Melitón husema zile tano ndizo nzuri kuliko zote alizowahi kufuma.

Ila Melitón anaogopa urefu. Na hii ni nchi ambayo hata kuku hutaga kwenye mteremko. Hakuna anayejua hofu hiyo ilitoka wapi; mama yake alikuwa akisema alizaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na chongo. Nyumba yao ipo karibu na kanisa kwa sababu pale ndipo penye kipande pekee cha tambarare kijijini. Akienda shambani hupita njia ndefu ya nyuma, na penye bonde hutembea ubavu ubavu, uso kwenye mwamba, kama mtu anayesoma ukuta. Delfina mwenye duka, aliyemsimamia binti yao ubatizo, humtania tangu zamani. "Baba Melitón," humwambia, "nasikia ukipanda kitandani unaomba kamba."

"Siombi," hujibu Melitón. "Nalala chini."

Basi mwanamke aliyeishi ukingoni mwa korongo akaolewa na mwanaume asiyeweza kulitazama, na wakakaa vizuri. Yeye alikwenda, mumewe alibaki na viazi na nyumbu wadogo. Akirudi, supu ya simbilisi ilikuwa jikoni. Angeweza kuendelea hivyo mpaka uzeeni, lau si goti.

Goti la kulia lilianza kumsumbua kwenye miteremko. Daktari wa mjini Abancay alilibonyeza, akalikunja, akalisikiliza likisaga, akamwambia kupanda si neno, kushuka ndiko kunakolimaliza. Akiendelea na kazi ile, siku moja litakataa njiani. Fausta alirudi nyumbani, akawaza siku chache, kisha akawauza nyumbu wake kwa vijana wa kijiji cha chini, pamoja na matandiko, kamba, na vile vizibamacho vya ngozi anavyofungwa nyumbu usoni penye njia mbaya. Akabakisha Chaska, tandiko lake na kizibamacho chake. Watu walidhani ameshamaliza. Kumbe alikuwa amejiwekea safari moja.

Upande wa pili wa Wayrapata, chini ya ule mgongo wa mlima, wazee wa kale walijenga matuta ya mawe yanayoshuka kama ngazi za majitu. Na ndani ya kuta za matuta hayo walipanga mawe meupe yakawa lama, lama wenye shingo zao ndefu, wanapanda mlima kwa mstari. Kila mgeni aliyepelekwa na Fausta alishuka kwenda kuwaona. Walikuwa wakirudi kambini jioni wamechoka, wamenyamaza kidogo, wanamwonyesha kwenye simu. Kwenye simu lama walikuwa wadogo kama chawa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuteremka. Pale juu nyumbu hawaachwi peke yao kwa sababu ya puma, na mswaga ni mswaga, hukaa na wanyama wake. Aliijua Wayrapata kwa majani yake, kwa chemchemi yake na kwa upepo wake. Lama wale aliwajua kwa kusikia tu.

Jioni moja alimkuta Melitón anafuma mlangoni.

"Mzee."

"Mm."

"Nataka kwenda Wayrapata."

"Umekwenda Wayrapata maisha yako yote."

"Nimekwenda kwenye majani ya Wayrapata. Sasa nataka kwenda kuwaona lama, kabla hili goti halijanifungia njia."

"Nenda basi. Chaska ana nguvu."

"Nataka twende wote."

Sindano zikasimama. "Fausta, mimi kuezeka paa langu mwenyewe namwita jirani."

"Najua. Jirani mwenyewe ananicheka kanisani."

"Sasa?"

"Sasa nimeshawapeleka watu wa kila namna kule. Wanene, wagonjwa, mmoja alilia njia nzima. Mtu wangu mwenyewe sijampeleka."

Melitón akafuma tena, mstari mzima. Ukumbuke kwamba katika maisha yao yote huyu mwanamke hakuwa amemwomba kitu. Akitaka kitu hukifanya. Alipofika mwisho wa mstari akasema, "Nitakwenda. Lakini usiniambie kuna nini chini."

Siku ya kuondoka Delfina alitoka dukani na mfuko wa mahindi ya kukaanga kwa ajili ya njia. Akamtazama Melitón alivyoshika mkia wa Chaska hata kabla hawajaondoka pale mbele ya kanisa.

"Mama mwenzangu," akamwambia Fausta, "huyu utamrudisha kwenye gunia."

"Nikimrudisha kwa miguu yake?"

"Ukimrudisha kwa miguu yake nafunga duka, nacheza peke yangu mbele ya kanisa."

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia," akasema Melitón. "Avae viatu vizuri."

Nusu ya kwanza ya njia ni pana, yenye vichaka pande zote mbili, na Melitón aliitembea vizuri huku akimsimulia Chaska habari za shamba. Fausta alipanda mgongoni penye mwinuko, akashuka penye mteremko, ambako nyumbu hapandwi, na kuegemea fimbo. Kwenye kipito cha juu, penye lundo la mawe ya wapita njia, kila mmoja alikuwa na jiwe lake alilolibeba toka chini, ili aliache pale pamoja na uchovu wake. La Fausta lilikuwa dogo. La Melitón alilibeba kwa mikono miwili.

"Unahamisha nyumba?"

"Nina mengi ya kuuachia mlima," akasema Melitón.

Wakachagua majani ya koka matatu matatu, wakayapuliza kuelekea kwenye theluji ya vilele, wakaomba njia. Usiku wakalala kwenye kibanda cha waswaga. Asubuhi wakafika Shingo.

Shingo ni kipande cha njia kilichochongwa kwenye ubavu wa jabali. Upana wake unamtosha nyumbu na mzigo wake, na labda paka. Kulia ni mwamba. Kushoto hakuna kitu. Melitón aliusikia tu upepo unavyotoka chini kwenda juu, badala ya kupita kama upepo wa kawaida, akageuza uso kwenye mwamba.

Fausta alikuwa ameshalifikiria hilo toka nyumbani. Akafungua kizibamacho kwenye tandiko, kile cha ngozi kilicholainika kwa miaka, akamwita mumewe kwa kidole.

"Njoo."

"Hicho ni cha nyumbu."

"Nyumbu wangapi wameanguka mkononi mwangu?"

"Hakuna."

"Basi vua kofia."

Akamfunga macho, akakaza ukanda kisogoni kama anavyofanya siku zote, karibu ampige kofi la shavu kama anavyofanya siku zote. Akamshikisha mkia wa Chaska. Yeye mwenyewe akashika kamba mbele. Wakaingia Shingo hivyo: mwanamke, nyumbu, mwanaume amefungwa macho. Ngozi ilinuka jasho la Chaska, na Melitón baadaye alisema harufu ile ilimfaa kuliko dua.

Walikuwa katikati Chaska aliposimama.

Fausta akavuta kamba taratibu. Hakuna. Akageuka, akamwona mnyama ametoa macho, masikio yamelala nyuma, anatazama kushoto. Hapo ndipo akajua alichokifanya. Siku zote alikuwa akiswaga kundi, na kila nyumbu alikuwa na kizibamacho chake. Chaska alikuwa akivuka Shingo gizani tangu alipoanza kubeba mzigo. Sasa vingine vyote vilikuwa vimeuzwa, na hiki kimoja kiko usoni kwa Melitón. Maskini Chaska alikuwa anaiona Shingo kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mtu mwingine angepiga kelele. Fausta alisema kwa sauti ileile ya kuomba chumvi, "Mzee, simama hapohapo. Ushike mwamba."

"Kuna nini?"

"Ulisema nisikuambie."

Akautoa upesi mkono mmoja kwenye kamba, akavuta shali yake nyekundu mabegani, akajaribu kumfunika nayo nyumbu. Upepo ukaingia chini ya shali, ukaipepesa kama bendera mbele ya macho yale yaliyokwisha kutishika. Chaska akarudi nyuma hatua moja. Kwato zikasaga changarawe. Shali ikatoka mkononi.

Melitón alizisikia kwato zinakuja kwake. Hakuna kiumbe aliyeijua miguu ya Chaska kama yeye. Akajua huo si mguu wa ukaidi, ni wa hofu, na hofu ile aliifahamu vizuri sana. Akapeleka mkono kisogoni, akafungua ukanda.

Kitu cha kwanza alichokiona ni shali ya mkewe inashuka. Ilikuwa inashuka polepole, inajikunja, inajikunjua, nyekundu, halafu ndogo, halafu ndogo zaidi, na bado ilikuwa haijafika.

"Kumbe ni mbali," akasema.

"Melitón, funga hicho kitu."

"Nakuja nacho."

Akapenya upande wa mwamba, kati ya jiwe na mbavu za Chaska, tumbo amelibana, mkono mmoja mgongoni kwa mnyama. Alikuwa anatetemeka mpaka tandiko likalia. Lakini alikuwa anazungumza, ile sauti ya chini ya zizini, ile ya kusengenya watu. "Basi, binti yangu. Hata mimi sijapapenda. Nani alikuleta huku? Yule mwanamke mwenye kofia, eti? Anatusumbua sote wawili." Sikio moja la Chaska likainuka. Melitón akafika kichwani, akamvalisha kizibamacho, akakaza ukanda, akampiga kofi dogo la shavu. Nyumbu akashusha pumzi ndefu.

Wakatazamana, mume na mke, juu ya ule uso uliofungwa. Melitón alikuwa macho wazi katikati ya Shingo, na mkia aliokuwa ameushika ulikuwa mbali sasa.

"Tangulia," akasema. "Nitamleta mimi. Ananisikia."

Fausta akampa kamba. Alitembea mbele bila kugeuka nyuma hata mara moja, kwa sababu mswaga hageuki kumtazama mnyama anayemwamini. Nyuma yake alisikia kwato, na sauti ya mumewe inaendelea kumsema yeye, mapishi yake, kofia yake, ukoo wake, mpaka njia ilipopanuka na majani yakaanza.

Wayrapata ilikuwa tupu siku hiyo, mawingu tu yanapita milangoni. Walimfunga Chaska miguu ya mbele kwenye majani, na kwa kuwa alikuwa mmoja, na mlinzi wa magofu alikuwepo akiota jua, walimwachia yeye. Fausta akavuka mpaka wa yale majani, ambao hakuwahi kuuvuka. Alipapasa kuta. Alitia kidole kati ya jiwe na jiwe, kidole kikakataa kuingia. "Hawa walifunga mzigo vizuri," akasema. Sifa kubwa zaidi ya hiyo hana.

Halafu wakafika kwenye ngazi za kwenda kwa lama. Zilikuwa zinashuka wima, vipande vya mawe vilivyotokeza ukutani, tuta baada ya tuta, na mwisho wake ukiwa kwenye ukungu. Fausta akashusha mguu wa kulia kwenye ngazi ya kwanza. Goti likalia kwa namna ambayo hata Melitón aliisikia. Akaurudisha mguu. Akajaribu tena. Akakaa kwenye jiwe, akavua kofia, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

"Tumeona kuta," akasema. "Zinatosha."

Melitón akaitazama ile kofia mkononi mwake. Akaenda ukingoni, akachungulia, akarudi, akajifuta viganja kwenye suruali.

"Kupanda unaweza," akasema.

"Daktari alisema naweza."

"Basi shuka kama unapanda. Geuka, uso ukutani. Mimi natangulia chini yako, nakushika mguu, naukalisha kwenye ngazi. Uzito uweke mikononi."

"Wewe utatazama wapi?"

"Nitatazama mguu unapokwenda. Unakwenda chini, nitatazama chini. Nifanyeje?"

Wakashuka hivyo. Yule aliyezoea kuliangalia korongo alikuwa uso ukutani, pua kwenye kuvu, anaona mawe tu. Yule mwingine alikuwa chini yake, mgongo kwenye mwamba, uso kwenye hewa tupu, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, anashika kifundo cha mguu cha mkewe na kukiweka. "Bado. Bado. Hapo." Katikati lile "bado" halikuja, na mkono ukabaki umekishika tu kifundo.

"Mzee?"

"Nipo."

"Usiniambie kuna nini chini."

Akamsikia anacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyebanwa pumzi, na mkono ukaendelea na kazi.

Ilichukua nusu ya mchana. Kwenye tuta la chini Melitón akasema, "Geuka sasa," na Fausta akageuka, akaegemea mabega ya mumewe, akatazama juu. Ukungu ulikuwa umeondoka. Lama walikuwa pale. Hawakuwa chawa. Walikuwa wakubwa kuliko nyumba yao, weupe kwenye mawe meusi, shingo juu, wanapanda mlima mmoja nyuma ya mwingine, na mdogo mmoja ametangulia miguuni kwa mama yake.

Fausta aliwatazama kama anavyowatazama nyumbu alfajiri, kuanzia kwato.

"Hawana mizigo," akasema hatimaye.

"Hapana."

"Na hakuna aliyewashika kamba."

"Wanajua njia," akasema Melitón.

 Wakala mahindi ya Delfina, wakaketi mpaka jua likawahama lama wa juu, kisha Fausta akapanda zile ngazi mwenyewe, haraka, kwa lile goti linaloweza kupanda, na akamsubiri mumewe juu.

Delfina alifunga duka na kucheza mbele ya kanisa, akiwa na viatu vizuri. Fausta hakwenda tena. Siku hizi wenye nyumbu wakikwama na mnyama mwenye hofu kabla ya Shingo, humwita Melitón, naye huenda mpaka pale, ubavu ubavu kama zamani, uso kwenye mwamba, akilalamika njia nzima. Lakini anaenda, na anavuka.

Fausta amejifumia shali nyingine nyekundu, na pindoni ametia mstari wa lama weupe wanaopanda. Wa mwisho kwenye mstari ana kitu cheusi kimekatiza machoni. Melitón huwaambia watu ni kosa la uzi. Fausta, ambaye hajawahi kukosea uzi, huvuta shali mabegani na kuendelea na kazi yake.